Kopo yetu na Neno la Mungu



Tangu turudi kutoka vakansi ya Pasaka wengi wenu mumetuuliza swali moja: "Gazeti lilienda wapi? Mbona halikutoka muhula uliopita?" Wengine walisema mashini imeharibika. Wengine walisema Bwana Prefe alilikataza. Wengine tena walisema ya kama sisi wa komite tulikula feza ya karatasi. Tulinyamaza, kwani jibu lilitupatisha haya. Sasa tunalitoa mbele ya wote, kwa sababu jambo lenyewe lilifanyika mbele ya wote, kule sokoni.

Mashini haikuharibika. Bwana Prefe hakutukataza kuandika. Na feza ya karatasi hatukuila. Lakini ndani yake mulikuwa feza ya wizi. Sikilizeni namna ilivyokuwa.

Munajua ya kwamba komite yetu haina mali. Karatasi, stensili na wino vinanunuliwa, havianguki kutoka mbinguni kama mana. Basi, mwanzo wa mwaka wa shule tulipewa kipande cha shamba nyuma ya interna, pale karibu na muto. Tulikuwa watu kumi na mmoja. Tulilima, tukapanda maharagi, tukapalia. Mvua ilinyesha vizuri, tukavuna. Tuliyaanika juu ya mikeka, tukayapiga na fimbo, tukapepeta. Kazi ile yote ilikuwa safi, hata leo tunaweza kuisema bila haya.

Haya ilianza siku tulipohitaji kopo ya kupimia. Kwetu maharagi hayapimwi na mizani, yanapimwa na kopo. Tukamtuma mmoja wetu kwa wale wanaouzisha vyombo vya zamani. Akarudi na kopo ya maziwa ya unga, nzuri, yenye kungaa. Lakini tulipoigeuza tuliona ya kama kitako chake kimepigwa na nyundo kutoka inje, kikaingia ndani kama kilima kidogo. Ukiiangalia kutoka juu wakati imejaa, huwezi kuona kitu. Maharagi yanasimama juu vizuri, lakini tumbo la kopo ni fupi.

Tuliona. Hatuwezi kusema ya kwamba hatukujua. Mmoja akasema, "Hii kopo iko na kilima ndani." Tukacheka wote. Mwingine akasema, "Njo ya soko hiyo. Batu bote banapimaka vile." Kisha mkubwa wetu akamaliza mashauri: "Na sisi hatuuzishi kwa tumbo yetu. Ni kwa kazi ya Mungu." Neno hilo likafunga vinywa vyote. Tukabeba mifuko, tukabeba na kopo, tukaenda.

Tuliuza siku tatu za posho. Wamama walitupenda sana. Walikuwa wakiitana: "Tununue kwa batoto ya misioni, bale habatuibie." Waliwaacha wauzaji wengine, wakaja kwetu. Tunaomba mulishike neno hili, kwani ndilo lililotuumiza zaidi kisha. Watu wale hawakununua maharagi tu. Walinunua kwa sababu ya jina la shule na jina la kanisa, na sisi tuliliweka jina la Bwana juu ya kopo ile kama kifuniko. Katika siku tatu zile tuliuza makopo 240. Tuliandika kila kitu katika kaye. Siku ya yenga tukatoa fungu la kumi, na watu wakatupigia makofi kanisani.

Sasa muone ajabu. Katika yenga zile zile tulikuwa tukisoma Biblia kila asubuhi. Tulikuwa na mashindano ya kukariri mistari, na komite yetu ilishinda madarasa yote. Na katika somo la dini tulikuwa katika kitabu cha Amosi. Mwalimu alitueleza namna Amosi, mchungaji wa mifugo kutoka Tekoa, alivyotumwa katika ufalme wa Israeli wakati wa mfalme Yeroboamu wa pili. Inchi ilikuwa na mali, lakini wamaskini waliliwa. Katika sura ya 8 nabii anawakemea wafanya biashara waliochoka na sabato kwa sababu inawachelewesha kuuza ngano yao. Watu hao walipunguza efa na kuongeza shekeli. Mwalimu akasema, "Shekeli ni uzito wa kupimia feza. Efa ni kipimo cha nafaka, kama kopo ya kwetu." Alisema hivi hivi, kama kopo ya kwetu, na sisi tukaandika. Interogasio ilipokuja, swali la tatu lilikuwa: "Amosi alikemea zambi gani katika sura ya 8?" Karibu sisi wote tulipata 9 juu ya 10. Siku ya posho iliyofuata tukachukua kopo yetu, tukarudi sokoni.

Hakuna aliyefikiri. Hilo ndilo jambo tunalotaka kuwaambia, ninyi ndugu zetu. Hatukuwa watu wasiosoma Neno. Tulikuwa tunalisoma sana, tena tulikuwa tunalijua. Lakini tulikuwa tumeipatia Biblia nyumba yake na kopo nyumba yake, na kati ya nyumba zile mbili hapakuwa njia.

Siku ya posho ya ine mama mmoja alikuja mapema, mbele soko halijajaa. Sisi tulikuwa hatujafungua mufuko wetu wa mwisho. Hatutamtaja jina, kwa kuwa hakuomba kutajwa. Alikuwa na kopo yake chini ya kitenge. Hakupiga kelele. Aliiweka kando ya kopo yetu, akasema:

"Batoto yangu, nilinunua kwenu makopo kumi. Nilifika ku nyumba, nikapima na hii yangu, nikapata munane na nusu. Ile moja na nusu ilienda wapi? Ilikimbia mu njia?"

Mmoja wetu akajaribu kumjibu. Akasema, "Mama, kopo hazifanane. Kila muuzaji iko na yake."

Mama akatikisa kichwa. "Mwanangu, mimi sikusoma. Hata jina yangu sijue kuiandika. Lakini kuko neno moja ya Mungu juu ya kipimo ya uongo, baba yangu alitufundishaka mangaribi ku moto. Ile neno njo ilinirudisha hapa. Sikukuja kwa maharagi. Maharagi nitakula, itaisha. Lakini ninyi munasomaka ile neno kila asubuyi kule kwenu ku kilima. Nikasema: labda banaisomaka tu, habaisikie."

Akafunga kitenge chake, akaenda. Hakudai kitu. Tulibaki pale, macho chini, na hatukufungua mufuko.

Neno alilosema ni Mithali 11:1. Sisi wote tulikuwa tumelikariri. Lilikuwa namba 14 katika orodha ya mashindano.

Baadaye tulimuuliza mchungaji wetu namna gani mutu asiyejua kusoma anaweza kushika Neno vile. Akatukumbusha habari ambazo wazazi wetu wanazijua. Mwaka 1974, wakati inchi yetu iliitwa Zaire, Serikali ilizichukua shule za makanisa. Somo la dini likaondolewa darasani, na mahali pake pakawekwa mafundisho ya siasa. Mwaka ule ule Noeli iliondolewa kati ya siku za kupumzika. Tarehe 26 Februari 1977 Serikali na makanisa walifanya mapatano, na makanisa yakarudishiwa uongozi wa shule zao. Mchungaji akatuambia, "Katika miaka ile Neno halikuwa na darasa, halikuwa na poent, halikuwa na diploma. Basi lilienda kukaa jikoni, shambani na sokoni. Wazazi walikuwa wakilitia katika vinywa vya watoto wakati wa kumenya mihogo. Sasa limerudi darasani, tunamshukuru Mungu. Lakini muangalie lisisahau njia ya jikoni." Mama yule alikuwa mutoto katika miaka ile.

Turudie siku ile ya posho. Mangaribi tulikusanyika katika chumba cha gazeti, tukafunga mulango. Tuliazima kopo ya mpishi wa interna, ambayo haijapigwa nyundo. Tukajaza kopo yetu mara 20, tukamimina yote katika beseni, kisha tukapima upya na kopo ya mpishi. Tukapata 17. Tukarudilia, tukapata 17 tena. Hesabu ya mama ilikuwa sawasawa: katika makopo kumi, moja na nusu imepotea. Tukafanya kanuni ya tatu ubaoni. Makopo yetu 240 yalikuwa kweli makopo 204. Yalipungua 36. Mpaka saa ile tulikuwa tukisema "tulipunguza". Tulipoona 36 imeandikwa na chaki, mmoja akasema "tuliiba", na hakuna aliyemkatalia.

Mashauri yalikuwa makali. Tunayaandika kama yalivyokuwa, kwani labda siku moja nanyi mutakuwa katika mashauri ya namna ile.

Wa kwanza alisema, "Tutupe kopo hii, tununue ingine, tutubu, tusirudilie. Mungu ni mwenye rehema." Neno zuri, lakini makopo 36 yangebaki katika mufuko wetu.

Wa pili alisema, "Tumurudishie mama yule peke yake." Lakini wale wengine, wasiokuwa na kopo nyumbani, je? Pengine wao ndio maskini zaidi.

Wa tatu alisema, "Bwana Prefe akijua, tunafukuzwa. Na mwaka huu tuko na egzameni ya Serikali." Hapo wale wa darasa la sita walinyamaza. Kati yetu kulikuwa mmoja ambaye baba yake aliuza mbuzi wa mwisho kusudi alipe minervali. Hatukuona neno la kumjibu.

Wa ine alisema, "Tunarudisha kwa nani? Hatujui majina. Watu wa soko wametawanyika."

Basi mdogo wetu wa wote, ambaye hasemi sana, akafungua Biblia. Hakuifungua kwa kusoma mustari wa kumaliza kikao, kama desturi yetu. Aliifungua kama mutu anavyofungua diksionere: ana swali, anatafuta jibu. Akaanza na Luka 19, habari ya Zakayo, aliyeahidi kurudisha mara ine. Kisha akaenda Lawi 6. Pale tulikuta sheria juu ya mutu aliyemdanganya mwenzake na kuchukua mali yake: anapaswa kurudisha yote kamili na kuongeza fungu la tano juu yake. Akaenda tena Hesabu 5, kutoka mustari wa 5 mpaka wa 8. Sheria ni ile ile, lakini inaendelea: kama hakuna mutu wa kumurudishia, basi mali ile itakuwa ya Bwana na itapewa kuhani.

Tukashangaa. Sisi tulikuwa tukiuliza "kwa nani?" na kufikiri ya kwamba swali hilo ni letu peke yetu. Kumbe Musa alipewa jibu lake jangwani. Mara ngapi tulipita juu ya sura zile, tukisema ni mambo ya zamani ya Wayahudi! Tunajua hatuko chini ya sheria ile ya makuhani na sadaka za kuteketezwa, kwa kuwa Kristo alijitoa mara moja kwa wote. Lakini Zakayo hakulazimishwa na sheria. Yesu aliingia nyumbani mwake, na mukono wake ukafunguka. Tukasoma tena Matayo 5:23-24, juu ya mutu aliyeleta sadaka mazabahuni, akakumbuka pale ya kama ndugu yake ana neno juu yake. Tukakumbuka fungu letu la kumi na yale makofi ya siku ya yenga. Hakuna aliyeinua macho.

Tukapiga hesabu. Fungu la tano la 36 ni 7 na kidogo. Jumla ni 43 na kidogo, tukafanya 44. Sisi tulikuwa 11, basi kila mutu makopo 4, ya kopo nzima. Tukakubaliana ya kwamba tutayatafuta kwa jasho letu, hatutayatoa katika mufuko uliobaki.

Siku ya kwanza ya yenga iliyofuata tukaenda kwa Bwana Prefe na kopo yetu. Tulikuwa kumi tu. Mmoja alijitoa usiku ule. Hatumhukumu, kwani hofu yake tulikuwa nayo sisi wote. Bwana Prefe aliweka kopo juu ya meza, akaingiza mukono ndani, akakigusa kile kilima. Akanyamaza muda. Kisha akauliza, "Ni nani aliyewatuma kuja hapa?" Tukajibu ya kwamba hakuna aliyetutuma. Akasema, "Basi hamufukuzwi. Lakini feza hii haitanunua hata karatasi moja mpaka mumemaliza kurudisha. Na siku gazeti litakapotoka, mutaandika habari hii ninyi wenyewe." Ndiyo munayoisoma.

Kazi ya kurudisha ilichukua yenga saba. Kila siku ya posho, kisha salongo ya shule, tulienda kupalia mashamba ya watu, na tuliomba kulipwa maharagi. Katika yenga ya pili yule aliyejitoa alikuja. Hakusema kitu. Aliweka katika kona ya chumba mufuko mudogo wenye makopo 4, akachukua jembe, akafuatana nasi.

Tulianza na yule mama. Alipoteza kopo moja na nusu. Tukiongeza fungu la tano, ilipungua kidogo kwa mbili, basi tulimpelekea mbili. Aliyapima na kopo yake mbele yetu, yakatimia. Akacheka, akasema, "Sasa iko sawa." Hakutusifu, na sisi hatukungoja sifa.

Kisha tukaenda kusimama mahali petu sokoni. Tulionyesha kopo ya zamani, tukaigeuza kitako juu kusudi watu waone, tukasema kwa sauti ya kama tuliwaibia na ya kama kila mutu aliyenunua kwetu aje apokee. Wapenzi, kuomba kwa sauti kanisani ni rahisi. Kusema "tuliiba" kwa sauti sokoni ni jambo lingine. Watu walicheka. Vijana fulani walituita wezi wa Mungu. Muuzaji mmoja wa jirani alikasirika sana: "Munatuharibia soko! Kila mutu sasa atageuza kopo yangu!" Wengine walikuja kudai ambao, kwa mawazo yetu, hawakununua kitu. Tuliwapa tu, kwani hatukuwa na ruhusa ya kuwapima watu kisha kuwaibia. Na wazee wawili walitushika mukono bila kusema neno.

Siku mbili za soko tuligawanya makopo 29. Yalibaki 13. Tukafanya kama tulivyosoma katika Hesabu 5: tukayapeleka kwa mashemasi wa kanisa, nao wakayapatia wajane na watu waliokimbia vita, wanaolala katika nyumba za wakristo. Hatujui kama muuzaji hata mmoja alibadilisha kopo yake sababu yetu. Hatukuenda pale kwa kuhubiria wengine.

Tangu siku ile namna yetu ya kusoma imebadilika kidogo. Hatusemi imekuwa nzuri. Tunawapa tu mambo manne tuliyojifunza, labda yatasaidia mmoja wenu.

La kwanza: tusome kidogo, tubebe. Kukariri si kubaya. Kama baba wa mama yule hangemkaririsha, yeye hangerudi kwetu, na Zaburi 119:11 inatuambia faida ya kuficha Neno moyoni. Lakini sisi tulikuwa tukikariri mistari mitano kwa siku, na yote ilibaki kanisani. Sasa tunashika mustari mmoja kwa yenga nzima. Kila asubuhi tunajiuliza: neno hili litakutana na nini leo mukononi mwangu? Mwanafunzi ana kaye, ana sahani, ana ndoo ya maji, ana kitanda cha jirani yake. Mwalimu ana chaki na poent za watoto. Mpishi ana mwiko na kopo. Kumbukumbu la Torati 6 inataja nyumba, njia, kulala na kuamuka. Haitaji ibada peke yake.

La pili: tusome na swali. Watu wa Beroya, katika Matendo 17:11, walichunguza Maandiko kila siku kusudi wajue kama waliyoambiwa ni kweli. Mdogo wetu alipata jibu usiku ule kwa sababu alikuwa na shida ya kweli. Wakati una deni, una ugomvi, au unajaribiwa kukopia katika egzameni, usifunge Biblia ukingoje siku ambayo roho imetulia. Saa ile ndiyo saa ya kuifungua.

La tatu: tusidharau wasiosoma. Mwetiopia wa Matendo 8 alikuwa mutu mkubwa wa malkia, alikuwa na kitabu na alijua kukisoma, lakini alihitaji mutu apande garini kumweleza. Sisi tuko na mistari katika kaye, na mtaala, na poent. Lakini siku ile aliyetueleza Amosi alikuwa mama mwenye kopo chini ya kitenge. Mukienda vakansi, muwaulize wazee wa kwenu ni neno gani wanalolishika, na lilikutana nao wapi.

La ine: mangaribi tujiangalie. Yakobo 1 inamlinganisha mutu anayesikia tu na yule anayejitazama katika kioo, akaenda, akasahau namna uso wake ulivyo. Sasa katika chumba chetu, mbele taa haijazimwa, tunakaa dakika tano. Hakuna mahubiri. Kila anayetaka anasema mahali Neno lilipokutana naye siku ile, au mahali lilipokutana naye na yeye akalipita. Usiku mmoja mwenzetu alisema ya kama alikopia katika interogasio ya kemia, na kesho yake alienda kumwambia mwalimu. Alipata sifuri, na tunajua iliumiza. Usiku mwingine hakuna mwenye neno. Tunazima taa, tunalala.

Kopo ya zamani tumeitundika na msumari juu ya mulango wa chumba cha gazeti. Ile mupya, ya kopo nzima, tumeiandika na msumari ubavuni: Mit. 11:1. Mpishi alipoiona aliomba tumuandikie na yake.

Tunamaliza. Karatasi munayoshika ilinunuliwa na feza ya maharagi ambayo tumekwisha kuyalipa kamili. Kwa sababu siku za posho za yenga saba tulikuwa katika mashamba ya watu, shamba letu lilibaki bila kupaliliwa, na msimu huu tumevuna kidogo. Ndiyo maana kurasa za gazeti ni chache kuliko desturi. Mutuvumilie.

Tena, kama mama yako, au shangazi yako, au jirani yenu alinunua kwetu katika siku zile tatu na hajarudishiwa, uje utuambie. Usione haya kwa ajili yetu. Tutatafuta jembe tena.

Bwana awabariki katika masomo na katika egzameni inayokaribia, na Neno lake liwakute mahali mulipo.

Sisi ndugu zenu,
Komite ya gazeti